Mrejesho: leseni ya kufunga vinyunyizio vya kuzima moto Texas

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama mdogo wangu aliyeko Houston anahitaji leseni binafsi kufunga mifumo ya vinyunyizio vya kuzima moto, maana huku nyumbani ni fundi bomba mwenye cheti cha VETA. Asanteni mlionijibu, nimefuatilia hadi mwisho.

Kwa Texas, fundi wa kawaida wa kufunga vinyunyizio hapewi leseni ya jimbo. Kampuni ndiyo inayosajiliwa na ofisi ya mkuu wa zimamoto wa jimbo, na ni lazima iwe na msimamizi mwenye leseni, wanamwita RME. Msimamizi wa mifumo ya aina zote anatakiwa awe na cheti cha NICET (taasisi ya Marekani inayopima na kuthibitisha mafundi) ngazi ya 3 kwenye usanifu wa mifumo ya maji. Kuna jamaa alitaka dola zetu amtafutie dogo "leseni ya fundi", kumbe alikuwa anatuibia. Mjihadhari sana!

Dogo ameomba uanagenzi wa chama cha mafundi wa vinyunyizio, Local 669. Ni miaka 5, unalipwa huku unajifunza, na mshahara unapanda kwa hatua. Kwa sasa ni kibarua kwenye kampuni iliyosajiliwa. Juzi ameshuhudia bomba zikijaribiwa kwa presha ya psi 200 kwa saa 2 bila kushuka, kama NFPA 13, kanuni ya Marekani ya kufunga vinyunyizio, inavyotaka. Alinipigia simu usiku kunihadithia.

Jibu la maombi likitoka nitarudi hapa.