Video za masomo zinaganda kwenye 3G na zinamaliza bando: HLS ipangwe vipi kwa simu za bei ndogo?

MwalimuKodi aliuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa kiufundi.

Video zenyewe ni za kurekodi skrini: slaidi, maandishi ya ubaoni na sauti ya mwalimu. Fizikia na hisabati, kidato cha kwanza hadi cha nne. Somo moja ni dakika 40, picha 1280x720, faili la MP4 lenye uzito wa GB 1.1 hivi. Seva ni VPS (seva pepe ya kukodi) iliyoko Ujerumani, inaendesha nginx (programu ya seva ya wavuti). Wanafunzi wako Mwanza, Geita na Kigoma, wengi kwa Android zenye RAM ya GB 1 au 2, wachache kwa iPhone.

MP4 ikiwekwa ilivyo inachelewa mno kuanza. Nimejaribu HLS (video inakatwa vipande vidogo, kwa ubora wa aina kadhaa) kwa ffmpeg (programu ya kubadili video), ubora wa aina tatu (240, 360 na 720), vipande vya sekunde 2, na hls.js (kichezaji cha HLS ndani ya brauza) kwenye ukurasa. Sasa inaanza haraka, ila kila ubora unapobadilika picha inaruka au inaganda sekunde kadhaa. Kwenye 240 na 360 maandishi hayasomeki. Baadhi ya simu zinatoa sauti tu, picha nyeusi. iPhone za zamani hazichezi kabisa. Na malalamiko makubwa ni MB: mwanafunzi akifungua somo dakika moja tu kisha akafunga, bando lililoliwa ni la dakika nyingi.

Je, nihamie AV1 (mfumo mpya zaidi wa kubana video) moja kwa moja? Au kuna kitu nimekosea kabla ya hapo?

---

FremuMoja alijibu:

Mkuu, AV1 iache kwanza. Tuanze na hesabu. GB 1.1 kwa dakika 40 ni kama megabiti 3.7 kwa sekunde. Kwa slaidi ambayo inasimama vilevile dakika nzima, huo ni uzito wa video ya mpira.

Kosa kubwa liko kwenye ngazi zako za ubora. Umezipanga kama za filamu: mtandao ukidhoofika, picha inapunguzwa ukubwa. Kwenye filamu hilo ni sawa, uso wa mtu hutambulika hata kwenye 240. Herufi haivumilii. Herufi yenye urefu wa pikseli 15 kwenye 720 inabaki pikseli 5 kwenye 240, na hapo hakuna alama ya kipeo wala nukta ya desimali itakayosalimika. Kwa masomo ya skrini usipunguze ukubwa sana, punguza idadi ya fremu kwa sekunde. Slaidi haihitaji fremu 30. Kwa 12 mwandiko wa ubaoni unafuatika vizuri, kwa 8 unaonekana ukirukaruka kidogo lakini unasomeka.

Kuruka wakati wa kubadili ubora ni suala la fremu kamili, yaani zile zinazobeba picha nzima bila kutegemea fremu iliyotangulia. Kichezaji hakiwezi kuhamia ubora mwingine mpaka kipate fremu kamili kwenye mpaka wa kipande. Usipoiamuru, libx264 (enkoda ya H.264 ndani ya ffmpeg) huweka fremu kamili kila inapoona picha imebadilika ghafla, na kila ngazi huamua kivyake. Mipaka haioani, picha inaruka. Isitoshe, programu nyingi za kurekodi skrini hutoa fremu kwa mwendo usio sawa, kwa hiyo hata `-g` (umbali kati ya fremu kamili) peke yake haitoshi: lazima kwanza unyooshe mwendo kwa kichujio cha `fps`.

Picha nyeusi yenye sauti: karibu hakika rekodi yako ni yuv444p (rangi kamili kwa kila pikseli). Kompyuta inaicheza bila shida, lakini dikoda (kifungua video) ya chipu kwenye simu za kawaida inajua yuv420p (rangi zilizopunguzwa) ya biti 8 tu. Hakikisha hivi:

```
ffprobe -v error -select_streams v \
 -show_entries stream=pix_fmt,profile,r_frame_rate somo.mp4
```

Amri nzima ningeiandika hivi:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -filter_complex \
"[0:v]format=yuv420p,split=3[a][b][c];\
[a]fps=8,scale=-2:540[v0];\
[b]fps=12,scale=-2:720[v1];\
[c]fps=24,scale=-2:720[v2]" \
-map "[v0]" -map "[v1]" -map "[v2]" -map 0:a \
-c:v libx264 -profile:v main -preset slow -crf 27 \
-bf 0 -sc_threshold 0 \
-g:v:0 48 -g:v:1 72 -g:v:2 144 \
-maxrate:v:0 120k -bufsize:v:0 240k \
-maxrate:v:1 250k -bufsize:v:1 500k \
-maxrate:v:2 600k -bufsize:v:2 1200k \
-c:a aac -b:a 48k -ac 1 -ar 44100 \
-f hls -hls_time 6 -hls_playlist_type vod \
-hls_segment_type fmp4 -hls_flags independent_segments \
-hls_segment_filename "somo_%v_%03d.m4s" \
-master_pl_name kuu.m3u8 \
-var_stream_map "v:0,agroup:sauti v:1,agroup:sauti v:2,agroup:sauti a:0,agroup:sauti,default:yes" \
somo_%v.m3u8
```

Namba za `-g` ni mwendo wa fremu mara sekunde 6: 8×6, 12×6, 24×6. Ukibadilisha fps bila kubadilisha `-g`, umerudi kwenye kuruka. `-bf 0` inaondoa fremu zinazotegemea fremu za mbele. Unapoteza ubanaji kidogo, lakini ngazi zenye mwendo tofauti zinaanza kwenye muda uleule, kwa hiyo sauti haitengani na mdomo unapobadili ubora. Sauti imetengwa peke yake ili isirudiwe ndani ya kila ngazi.

fmp4 (vipande vya MP4) badala ya ts (umbizo la zamani la vipande vya HLS) si urembo. Kipande cha ts kimejengwa kwa pakiti za baiti 188, na kila fremu lazima ianze pakiti mpya. Slaidi isiyosogea hutoa fremu za baiti chache tu, lakini kila moja inabeba pakiti nzima ikiwa imejazwa hewa. Kwa fremu 24 hiyo ni 24×188×8, kilobiti 36 kwa sekunde za kutupa kabla hujaweka sauti.

Somo lenye jaribio la kweli la maabara, kwa mfano pendulumu ikibembea, liondoe kwenye utaratibu huu. Hapo mwendo ndio somo lenyewe, tumia fremu 24 au 25 kwenye ngazi zote na upunguze ukubwa wa picha.

---

Nahodha_wa_Seva alijibu:

Naunga mkono hapo juu. Mimi nishughulikie MB, iPhone na seva.

MB kwanza, maana ndiyo inayowaumiza wanafunzi. hls.js ina mipangilio mitatu inayofanya kazi pamoja: `maxBufferLength` sekunde 30, `maxBufferSize` MB 60, na `maxMaxBufferLength` sekunde 600. Watu wengi husoma ile ya kwanza wakadhani kichezaji kinavuta sekunde 30 tu mbele. Sivyo. Kinavuta mpaka kijaze MB 60 au kifike sekunde 600, kimojawapo kikitangulia. Kwa video nyepesi ya kilobiti 200 kwa sekunde, MB 60 ni dakika 40, kwa hiyo kinachokizuia ni zile sekunde 600: dakika kumi mbele, karibu MB 15, hata kama mwanafunzi ataondoka baada ya dakika moja. Kadiri unavyobana video ndivyo kinavyovuta mbali zaidi. Weka hivi:

```
if (Hls.isSupported()) {
  const hls = new Hls({
    startLevel: 0,
    maxBufferLength: 30,
    maxMaxBufferLength: 60
  });
  hls.loadSource(url);
  hls.attachMedia(video);
} else if (video.canPlayType('application/vnd.apple.mpegurl')) {
  video.src = url;
}
```

Mpangilio wa `if` una maana. Chrome ya Android nayo hujibu ndiyo kwenye `canPlayType`, kwa hiyo ukiuliza hilo kwanza utaipeleka kwenye kichezaji cha ndani ambacho huna udhibiti nacho. Tawi la pili ndilo dawa ya iPhone zako: Safari ya iPhone kabla ya iOS 17.1 haikuwa na mlango ambao hls.js inautumia, lakini HLS inaicheza yenyewe. Usisahau `playsinline` kwenye lebo ya video, la sivyo iPhone itaifungua skrini nzima. Kichezaji cha Apple huanza na ngazi iliyoandikwa ya kwanza kwenye orodha kuu, ndiyo maana ni vizuri FremuMoja ameanza na nyepesi.

Kwenye nginx:

```
location /masomo/ {
  types {
    application/vnd.apple.mpegurl m3u8;
    video/mp4 mp4 m4s;
  }
  add_header Access-Control-Allow-Origin "*";
  add_header Cache-Control "public, max-age=31536000, immutable";
}
```

Mitego miwili hapa. `types` ndani ya `location` inafuta orodha yote ya juu, kwa hiyo kama unaweka picha au manukuu humohumo, yaongeze. `add_header` nayo ikiandikwa hapa inazima zile ulizoweka ngazi ya juu. Na kwa kuwa kashe ni ya mwaka mzima, ukirekebisha somo badilisha jina la folda, mfano `fizikia-07-v2`. Ukiacha jina lilelile, simu zitachanganya vipande vya zamani na vipya.

Vipande vya sekunde 2 acha. Kila kipande ni ombi linalosafiri hadi Ujerumani na kurudi. Kwa masomo yaliyorekodiwa sekunde 6 zinafaa, na fremu kamili zikiwa chache uzito unashuka pia, kwa sababu kwenye slaidi fremu kamili ndiyo inayobeba karibu mzigo wote.

Mwisho, kama kernel (kiini cha Linux) ya VPS ni 4.9 au zaidi, washa BBR badala ya CUBIC, yaani kanuni ya kuamua mwendo wa kutuma data:

```
net.core.default_qdisc=fq
net.ipv4.tcp_congestion_control=bbr
```

CUBIC ikiona pakiti imepotea inadhani njia imejaa, inapunguza mwendo. Kwenye mtandao wa simu pakiti zinaweza kupotea kwa sababu ya mawimbi tu. BBR hupima njia yenyewe badala ya kuhesabu pakiti zilizopotea.

---

MwalimuKodi aliandika:

Asanteni sana wakuu. Ilikuwa kweli yuv444p. Nimetumia amri yote, somo limeshuka mpaka MB 38 kwenye ngazi ya 720 yenye fremu 12, na maandishi yanasomeka. Kubadili ubora hakuruki tena.

Yamebaki mawili. Nimeongeza ngazi ya sauti peke yake kwenye orodha kuu kwa ajili ya sehemu zenye mtandao hafifu, lakini hls.js haiendi huko kamwe, inaganda tu. Na swali la AV1 bado.

---

Nahodha_wa_Seva alijibu:

Hiyo ya sauti si kosa lako. hls.js ikikuta orodha yenye ngazi za video, inaziondoa ngazi za sauti tupu. Safari inaziheshimu. Weka kitufe cha "Sikiliza tu" kinachofungua `somo_3.m3u8` moja kwa moja, maana kwenye mpangilio ule sauti ndiyo namba 3. Kilobiti 48 kwa sekunde ni kama MB 14.4 kwa somo zima.

Angalia pia namba ya BANDWIDTH kwenye `kuu.m3u8`. Inatakiwa iwe kilele, si wastani. Chukua kipande kizito kuliko vyote cha ngazi hiyo, zidisha baiti zake kwa 8, gawanya kwa 6, kisha jumlisha sauti. Ikiwa imeandikwa ndogo kuliko uhalisia, kichezaji kitapanda ngazi ambayo mtandao hauwezi kuibeba.

---

FremuMoja alijibu:

AV1 sasa. Kwa slaidi inafaa kweli, kwa sababu ina vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa picha za skrini: kuchora eneo kwa rangi chache zilizoorodheshwa, na kunakili kipande cha picha kutoka sehemu nyingine ya fremu ileile. Herufi "a" ikijirudia mara hamsini, enkoda inaweza kuinakili badala ya kuichora upya. Kwenye SVT-AV1 (enkoda ya AV1) unaiwasha kwa `-svtav1-params scm=1`.

Tatizo ni dikoda. Android ina dikoda ya AV1 ya programu (bila chipu maalumu) tangu toleo la 10 la mwaka 2019, lakini chipu zinazoifungua zenyewe ziko zaidi kwenye simu za bei ya juu. Kwa iPhone, ya kwanza ni 15 Pro ya mwaka 2023. Kwa hiyo brauza itasema inaiweza, kisha gharama yake ni betri na joto. Usiulize kama inaweza, uliza kama inaiweza kwa urahisi:

```
const r = await navigator.mediaCapabilities.decodingInfo({
  type: 'media-source',
  video: {
    contentType: 'video/mp4; codecs="av01.0.05M.08"',
    width: 1280, height: 720,
    bitrate: 250000, framerate: 12
  }
});
const url = (r.smooth && r.powerEfficient)
  ? 'kuu-av1.m3u8' : 'kuu.m3u8';
```

Tengeneza orodha kuu mbili, usizichanganye kwenye moja, ili uamuzi ubaki mikononi mwako.

---

BitiNdogo alijibu:

Nina tofauti kidogo na FremuMoja kwenye `powerEfficient`. Kwa fremu 12 kwa sekunde, kazi ya kufungua 720 ni chini ya nusu ya ile ya fremu 30, na dav1d (dikoda ya AV1 ya programu) iliyomo ndani ya Chrome ni nyepesi. Mwanafunzi ambaye bando ni ghali kwake kuliko chaji, `smooth` peke yake inatosha. Mwachie achague: kitufe cha "Okoa MB" kinachotumia sharti la `smooth` tu.

Na weka kitufe cha kupakua. Wengi wanaangalia somo mara mbili tatu kabla ya mtihani, na kupakua mara moja kwenye Wi-Fi ya shule kunashinda kustrimu kokote. Unganisha vipande vya 720 bila kuviandika upya:

```
ffmpeg -i somo_1.m3u8 -i somo_3.m3u8 -map 0:v -map 1:a \
 -c copy -movflags +faststart fizikia-07.mp4
```

`+faststart` ndiyo dawa ya kuchelewa ulikokutaja mwanzoni. Ramani ya faili la MP4, sanduku la moov, kwa kawaida huandikwa mwishoni kwa sababu enkoda haijui urefu mpaka imalize. Brauza inalazimika kuruka mwisho wa faili kuitafuta, kisha irudi mwanzo, na seva isiyokubali maombi ya Range (ya kuomba sehemu tu ya faili) inailazimisha kuvuta faili zima. Jaribu kwa `curl -I -r 0-99` kwenye anwani ya faili: ukiona 206 upakuaji uliokatika utaendelea ulipoishia, ukiona 200 mwanafunzi ataanza upya kila laini inapokata.