Naomba ushauri: majibu ya kipimo cha mapafu cha mwanangu

Wakuu habari. Tupo Nkuhungu, Dodoma. Mwanangu ana miaka 7. Vumbi la kiangazi likianza tu, anakohoa usiku kucha na kifua kinalia kama filimbi.

Juzi alipulizishwa kwenye mashine. FEV1 (hewa anayoitoa kwa nguvu ndani ya sekunde ya kwanza) asilimia 84 ya kiwango kinachokadiriwa kwa mtoto kama yeye, uwiano wake na FVC (hewa yote anayoitoa kwa nguvu kwa pumzi moja) 0.74. Baada ya kuvuta dawa ya kupanua njia za hewa, FEV1 ikapanda kwa asilimia 15. Nikaambiwa "kawaida", basi. Lakini si uwiano wa mtoto huwa juu kuliko wa mtu mzima, na kupanda kupita asilimia 12 huashiria pumu?

Halafu urefu hawakumpima, nilikisia mimi! Na makadirio yote yanategemea urefu. Nirudie kipimo, au niende na karatasi hii hii kwa daktari wa watoto?