Tupeane uzoefu: tusioona na wenye uoni hafifu, vitabu vya mtandaoni vya maktaba ya chuo vilishakutoa jasho?

Mleta mada: Wakuu, mdogo wangu kaanza chuo, haoni kama mimi. Jana kanipigia saa tano usiku karibu alie, kafungua kitabu cha maktaba mtandaoni, kompyuta inamsomea "ukurasa wa 1, picha, ukurasa wa 2, picha", hivyohivyo mpaka mwisho. Nikacheka kwa uchungu. Leteni yenu.

Mama Pacha: Hicho kimeskaniwa tu, ndani hakina herufi hata moja. Mimi usiku wa kuamkia semina rumeti alinisomea sura nzima, mi naandika nukta nundu, akanyamaza nikajua ananisubiri nimalize mstari, kumbe kalala fofofo, nikapresenti nusu ya sura na lekchara akaulizia ile nusu nyingine.

Kobe: Ndo huwa inaulizwa hiyo.

Mzee wa Tab: Kwenye NVDA, programu ya kusomea skrini, abonyeze Insert na R, inatambua maandishi kwenye picha. Bure.

Jaws Damu: NVDA ya kuanzia tu, aweke JAWS awe mtu mzima.

Mzee wa Tab: Utamlipia leseni wewe? Boom lote la mkopo linaishia hapo. NVDA yenyewe waliianza vijana wawili wasioona wa Australia 2006 sababu ya bei hizohizo.

Jicho Moja: Sisi wa uoni hafifu PDF ndo adui, ukikuza maandishi mstari unatoka nje ya skrini, ukivuta kulia ukirudi kushoto ushapotea. Chukueni kitabu cha aina ya EPUB, mistari inajipanga yenyewe kulingana na skrini.

Kobe: EPUB nyingi hazina namba za kurasa, ukurasa wa kuweka kwenye sitesheni utaota?

Dada wa Ilala: Mi nilikuwa maktaba, kimya kabisa, hedifoni ikachomoka nikiwa nimefungua ujumbe wa mtu. Kompyuta ikaanza kuusoma kwa sauti yote!! Bahati yangu spidi ilikuwa ile yetu ya mbio, wanaoona walisikia kelele kama za nyuki. Nikashukuru Mungu. Mara meza ya mwisho mtu akaangua kicheko, kumbe naye haoni, kadaka kila neno.

Kobe: Ujumbe ulisemaje?

Mama Pacha: Dada usitufanyie hivyo, ulisemaje

Jaws Damu: Turudi kwenye mada jamani. Ila ulisemaje?

Dada wa Ilala: Nilikuwa nadaiwa. Inatosha.

Wakili Mtarajiwa: Mdogo wako aende kwa mkutubi na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, Kenya waliingia 2017, sisi Tanzania 2020. Unaruhusu asiyeona kutengenezewa nakala anayoweza kusoma bila kumwomba ruhusa mwenye haki.

Kobe: Aende na soda pia, itafanya kazi haraka kuliko mkataba.

Mleta mada: Insert na R imekubali, asanteni. Ila inasoma "modern" kama "modem", asaimenti nzima ya historia kaandika "modem Africa" na ameshatuma.