Pikipiki inapasua nikiachia mafuta baada ya kufunga ekzosi mpya

Wakuu habarini, nimetoa ekzosi ya kiwandani nikafunga ya michezo, sasa nikiachia mafuta kwenye mteremko inapasua pa! pa! halafu injini ikiwa baridi kuna ka-tiktiktik, ikipata moto kanapungua. Ni valvu au?

— Anza na gasketi (kile kipete cha kuzuia kuvuja) pale bomba linapoingia kwenye silinda hedi, kichwa cha injini, mkuu. Watu wanarudishia ileile ya zamani na ikishabanwa mara moja imekwisha hiyo, hewa inapenya inakutana na mafuta ambayo hayajaungua ndo inapasua. Cheki masizi meusi pembeni ya nati, au pulizia maji ya sabuni injini ikiwa baridi, washa uone mapovu.

— Kweli, na hako kamlio kupungua ni dalili ya kuvuja, chuma kikipanuka kinaziba. Valvu ingesikika juu kwenye kava ya valvu, weka bisibisi ndefu pale, mpini sikioni.

— Isipovuja fungua plagi (ile ya cheche). Ikiwa nyeupe hewa imezidi, kama pikipiki ni ya kabureta weka jeti (kale katundu kanakopitisha mafuta) kubwa kidogo. Ila kupasua kidogo kwa ekzosi wazi ni kawaida, msimtishe mtu.

— Asanteni, masizi yapo nati ya chini.