"Te vas a enterar" ndiyo "utajulishwa"? UTAJULISHWA?!

Kizibo_cha_Chupa (mleta uzi):
Wakuu salaam, ingawa kwangu hakuna salama. Yule "mwalimu" wa Kihispania, simtaji, mnamjua, yule wa "sambaza kwa wenzako kumi", jioni hii kashusha somo la kitenzi *enterarse*, yaani kupata habari. Kaandika, kwa wino wa rangi tatu: *te vas a enterar* = "utajulishwa".

Utajulishwa! Kama ujumbe wa benki!

Mhispania akikukazia macho akakwambia *te vas a enterar*, maana yake utanitambua, leo utakiona cha mtema kuni. Mwanafunzi wa huyu bwana atajibu *gracias*, avute kiti, asubiri taarifa. Atapigwa hadi simu yake izime akiwa bado anasubiri taarifa.

Mfano wake sasa: *me enterré de la noticia*. R mbili! *Enterrar* ni kuzika. *Me enteré*, r moja, ndiyo nilipata habari. Kajizika mbele ya kundi zima, na marehemu anaendelea kufundisha.

Kitenzi chenyewe hakina makuu: *me, te, se, nos, os, se* mbele, halafu *de* nyuma. *Me enteré de la boda*, nilisikia habari za harusi. Ikifuata sentensi kamili, *me enteré de que se casó*. Mitaani wengi humeza hiyo *de*, ila kwenye maandishi rasmi iweke. Yeye kadai *me* ndiyo "ji" yetu, eti "nilijijulisha". Nani duniani hujijulisha? Ukiondoa *me*, *enterar a alguien de algo* ndiyo kumjulisha mtu, na hata hapo watu husema zaidi *avisar* au *informar*. Hiyo "utajulishwa" yake ilikuwa *te avisarán*, basi, kazi kwisha.

UTAJULISHWA.

Dafu_Baridi:
Mkuu, hiyo ya nne sasa. Tumeshajulishwa.

Mkaa_Mbichi:
*No te enteras*, mleta uzi 😂

Kizibo_cha_Chupa:
@Mkaa_Mbichi hiyo ni "huelewi kitu wewe", usidhani sijaiona. Walau wewe umeitumia sawasawa. Yule angeiandika "hujajulishwa".

Chumvi_ya_Mawe:
Mleta uzi naye mjuaji nusu. Hispania watu kama wewe huitwa *enteradillo*. Kule Mexico *enterar* bila *me* ni kulipa: *retener y enterar el impuesto*, unakata kodi ya mtu na kuiwasilisha serikalini. Chile ni kukamilisha kiasi, maana asili yake ni ile ya *entero*, kitu kizima. Kwa hiyo mhasibu wa Mexico akikwambia *hay que enterar el IVA* (IVA ndiyo VAT yao), usikimbilie kumjulisha IVA.

Kizibo_cha_Chupa:
Haya, hiyo nakubali. Lakini utajulishwa je?

Kijiko_Kimoja:
Mimi wanaonichefua ni wa "*saber* = kujua" halafu wanafunga daftari. *Sabía* nilikuwa najua. *Supe* nilipata kujua, habari ndiyo ilikuwa inaingia. Ukisema *ayer sabía la noticia* ukitaka kusema jana ndipo ulipoisikia, umeharibu. Na msichanganye na *averiguar*. *Me enteré*: umekaa zako barazani, jirani kakuletea umbea. *Averigüé*: umevaa viatu ukaenda kuuliza mwenyewe. Hizo nukta mbili juu ya u si mapambo, bila hizo u haitamkwi.

Dafu_Baridi:
Kwa hiyo uzi huu ni *me enteré*. Hakuna aliyevaa viatu hapa.

Mkaa_Mbichi:
Nyote mna raha. Nani alifundisha watu *guagua* ni basi akanyamaza hapohapo? Cuba ni basi kweli. Chile *guagua* ni mtoto mchanga. *Perdí la guagua*: Havana umeachwa na gari, Santiago wanakupa pole.

Chumvi_ya_Mawe:
Na *coger la guagua* je? 🙈 Cuba ni kupanda basi tu. Neno hilohilo *coger*, Mexico na Argentina, usilitoe mbele ya wakwe.

Kijiko_Kimoja:
Tumia *tomar*, utavuka mipaka yote salama.

Kizibo_cha_Chupa:
Jamani, turudi kwenye utajulishwa...

Dafu_Baridi:
Visiwa vya Canarias *guagua* ni ipi, basi au mtoto?

Mkaa_Mbichi:
Basi.