Wakubwa wa chuo kikuu, pesa ya fomu mnakula, pointi za testi mnaficha. Lubumbashi mpaka lini?

Jambo yenu wote. Nina hasira, leo sitapanga maneno.

Mdogo wangu amepata Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, kwa asilimia 68, upande wa biolojia na kemia. Mtaani kwetu Katuba tulimmwagia pudra ya furaha mpaka nywele zikawa nyeupe. Kongo hii ukifikisha 50 umepita, lakini kuingia udaktari chuo kikuu ni mpaka ufanye testi ya chuo. Sawa. Viti ni vichache, si kila mwenye diploma atakuwa daktari. Na testi yenyewe sina ugomvi.

Ila fomu ya testi inalipiwa kwa dola, na ukishalipa hairudi. Halafu wanataka cheti cha kuzaliwa: nenda komini, ofisi ya mtaa, lipa. Cheti cha mwenendo mwema, lipa. Cheti cha afya, daktari anakutazama usoni, anapiga muhuri, lipa. Buletini za miaka miwili ya mwisho zimeshikwa na shule ya sekondari mpaka umalize deni la minervali, yaani ada. Bado foto, fotokopi na basi. Hapo mtoto hajashika hata kalamu ya testi. Mama yetu anauza makala, makaa ya kupikia. Hesabuni wenyewe ni magunia mangapi.

Siku ya matokeo wanabandika majina ukutani. Majina tu! Hakuna pointi, hakuna aliyekuwa wa ngapi, hakuna anayesema walikatia wapi. Aliyeanguka hajui kama alikosa pointi moja au arobaini. Na watoto waliofanya testi wanasoma orodha na kuulizana: huyu alikaa chumba gani? Mama alipouliza dirishani akajibiwa, "Mama, rudia tu ku nyumba, atajaribu mwaka ingine." Mwaka mwingine maana yake fomu nyingine. Hajafika getini, kijana mmoja anamfuata polepole: kuna njia, lakini mkubwa lazima apate chochote.

Katiba ya 2006, ibara ya 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni bure, na tangu 2019 angalau wamejaribu kuifuata. Ukitoka hapo, mfuko wa mzazi ndio serikali. Mkenya ana HELB, Mtanzania ana HESLB, bodi za serikali za mikopo ya wanafunzi. Najua wanazilalamikia kila mwaka, lakini mtoto wa maskini ana mahali pa kupeleka ombi. Sisi ombi tunapeleka kwa mjomba wa Kolwezi, kwenye migodi, na mjomba naye anangoja bei ya kobalti ipande. Wazee wakitusimulia kwamba zamani mwanafunzi alipewa bursa, pesa ya kusomea, na chakula, nadhani wanatutania.

Sidai chuo kiwe bure. Ninachotaka ni kidogo, na hakigharimu hata franka. Kabla ya kuuza fomu, tangazeni mna viti vingapi. Baada ya testi, bandikeni pointi za wote, waliopita na walioanguka, kila namba na pointi zake. Kama mlisahihisha kwa haki, mnaogopa nini? Kwa nini mnauza fomu wiki nzima kwa foleni inayofika barabarani, wakati mnajua viti vyenu vinajaa darasa moja?

Kuna mzazi hapa amewahi kuonyeshwa karatasi ya testi ya mtoto wake? Andika chini: ulipita dirisha gani, ulilipa ngapi, ulipewa risiti au hapana. Majina ya watu msiweke, uzi utafungwa.