Mrejesho: Kozi fupi ya elimu ya kinga ya mwili, Mbeya

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza namna ambavyo daktari wa wodini kama mimi, aliyeshika pipeti (kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika kidogo kidogo) mara ya mwisho chuoni, angejiandaa kwa kozi fupi ya elimu ya kinga ya mwili hapa Mbeya, nimerudi kuwashukuru.

Nilifuata ushauri wa kurudia kwanza chembe T na chembe B (aina mbili za chembe nyeupe za damu) na kingamwili (protini za kinga zinazotokana na chembe B), nao ulinifaa sana, kwani mhadhara wa kwanza ulianza moja kwa moja na CD4, protini inayotambulisha kundi mojawapo la chembe T. Dada aliyenihimiza kujizoeza pipeti kwa maji yenye rangi, ahsante. Nyumbani walinicheka, lakini siku ya vitendo mkono haukutetemeka.

Kilichonishinda ni kutenganisha chembe nyeupe na damu nyingine. Mlinionya nizime breki ya sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi) ili isisimame ghafla, nami nikasahau, hivyo lile tabaka jembamba la chembe nyeupe, mfano wa ukungu, linalokaa chini ya plazma (majimaji ya damu), likavurugika na sampuli ikapotea. Mara ya pili niliizima, tabaka likatulia, nikalinyonya taratibu.

Ushauri wa kwenda na swali langu kutoka wodini sikuufuata, na ninajuta, maana jioni wakufunzi walikaa na wenye maswali yao. Grafu za saitometria (njia ya kuhesabu na kutambua chembe kwa mwanga wa leza) bado zinanitatiza.